Bega la Kushoto

"Na bwana harusi mwenyewe yuko wapi? Mimi sishoni suti ya mtu nisiyemwona."

"Yuko safari ya kikazi, dada. Vipimo kanisomea kwenye simu, nimeandika hapa."

Fundi akapokea karatasi. Alikuwa mchoraji kabla hajawa mbunifu wa mavazi, na mwili alioupima mara moja hausahau. Akasoma kifua, kiuno, urefu wa mkono. Chini kabisa: *bega la kushoto lishushwe nusu inchi.*

Akausoma tena mstari huo, neno kwa neno.

Maneno hayo yalikuwa yake yeye fundi. Mchumba wake mwenyewe alizaliwa na bega hilo limeshuka, akakua nalo, hata mama yake mzazi hakuwahi kuligundua. Yeye ndiye aliyeliona, siku anamchora. Na asubuhi hiyo hiyo mchumba alikuwa amemtumia ujumbe: "Malkia wangu, nimekwama huku. Nikirudi tunaenda kwenu kujitambulisha, safari hii kweli."

Loh! Njia ya mwongo kweli fupi.

Simu ya bibi harusi ikaita. Akaweka sauti kubwa, uso umejaa furaha.

"Mpenzi, fundi umempata?"

"Nimempata! Huyu hapa, ongea naye."

Fundi akaisogelea simu. Alitamani iwe sauti nyingine, ya mwanamume yeyote duniani. Ilikuwa ya mchumba wake.

"Bega la kushoto nimeliona," akasema taratibu. "Nilishushe nusu inchi, kama siku zote?"

Simu ikakatwa hapo hapo.

"Mnafahamiana?" bibi harusi akauliza.

Fundi alikwenda pembeni, akavuta shuka lililofunika picha kubwa aliyokuwa anamaliza kuichora, zawadi ya ndoa yake yeye na mchumba wake. Bwana harusi yule yule, anatabasamu, bega moja chini.

Bibi harusi akakaa sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu. Wewe?"

"Miezi minane. Kadi nimeshagawa, dada! Nisamehe, sikujua."

"Wewe hujanikosea, mdogo wangu. Tumechezewa wote."

Wakalia, kila mmoja na kilio chake. Kisha yule mdogo akafuta macho, akauliza kwa woga:

"Bado unampenda?"

Fundi aligusa bega lile pichani.

"Ningekuwa simpendi, hilo bega ningelichora limenyooka."

Akairudishia shuka, akaketi sakafuni karibu na mwenzake.