Ng'ombe wa Mahari Kule Rugenge

— Baba Victoire, hii ng'ombe imetoka wapi?

— Karibu, mama wa shirika. Ile maneno ilikwisha! Familia ya ule mwizi walileta ng'ombe, tukasikilizana. Kesho Victoire hataenda parke.

Émérance alishindwa hata kuketi. Kazi yake katika shirika dogo la mtaa wa Kimanga ni kuwasindikiza watu walioumizwa na wahalifu mpaka kesi ifike parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Victoire, muuza samaki wadogo wa ndagala hapa Rugenge, alivunjwa mkono na mwizi wa simu. Na ng'ombe huyu mwenye doa jeupe usoni, Émérance anamjua vizuri. Jumapili alipanda milima ya Rurambo na shangazi zake kumtazama, wakapiga vigelegele. Alikuwa mahari yake!

Akatoka nje, akampigia mchumba wake.

— Espoir, ng'ombe yetu iko wapi?

Espoir akaanza kwa salamu ndefu.

— Espoir!

— Sheri, ningekuambia. Ule mwizi ni Gaspard, mdogo wangu. Akifungwa, mama atakufa. Tutatafuta ingine, ndoa tusogeze kidogo tu.

— Na nyumba ya Victoire, nani alikuonyesha?

— Sasa unauliza nini?

— Nakuuliza, nani?

— Ni weye. Si minye nilikuwa nakuleta huku na moto?

Kazini wamekatazwa kushushwa mlangoni kwa mtu aliyeumizwa. Hushuka mbali na kumalizia kwa miguu, ili nyumba isijulikane. Lakini siku ile mvua ilinyesha, na mapenzi nayo ni upofu, jamani! Alimkumbatia Espoir kiuno juu ya pikipiki mpaka mlangoni kabisa.

Akarudi ndani akilia, akamweleza Victoire, aliyeketi kando ya baba yake, yote bila kuficha neno.

— Nisamehe. Nitaomba shirika wakupe mwenzangu.

Victoire akamgeukia baba yake.

— Baba, mukono iliyovunjika ni yangu. Waje wachukue ng'ombe yao.

— Weye mtoto, unajua bei ya ng'ombe?

— Najua maumivu yangu. Yaya Émérance, dada yangu, simutaki mwingine. Kesho utanisindikiza, ao hapana?

Simu ya Émérance ikalia. Ujumbe wa Espoir: «Ukienda parke, hakuna ndoa. Chagua: minye ao kazi.»

Alimpenda Espoir. Alimpenda hata wakati ule, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akaandika: «Hii si kazi, ni muntu. Tutaenda naye.»

Asubuhi walipotoka, walikutana na Espoir barabarani, kamba ya ng'ombe mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

— Émérance, tafadhali. Nisikilize kwanza.

— Pita, Espoir. Nyumba unaijua.

Victoire akamshika Émérance mkono kwa ule wake mzima. Wakaendelea na safari yao ya parke, Émérance akilia mbele za watu wote.