Kidole cha Shemeji

Siku hiyo mjinga alikuwa Fundi. Tuseme mapema, tusizungushane.

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma cha kibanda chake cha kutengeneza simu. Harufu ya plastiki iliyoungua, feni inayolalamika. Watu watatu: Fundi; Nyundo, mwenye kazi; na Dereva, kaka wa mke wa Fundi.

Nyundo alitaka kujua mlango wa duka la sonara waliyepanga kumwibia utafunguliwaje. Fundi akaweka simu mbili mezani. Sonara naye anazo mbili kama hizi, akaeleza, kila moja na mfumo wake. Huu umefungwa: programu zinatoka duka moja tu, tena zinapekuliwa kwanza. Kupenyeza kirusi humo ni kazi ya wenye fedha zao. Huu mwingine uko wazi zaidi. Nao una mlinzi, ila mwenye simu aking'ang'ania kupakua kitu cha uchochoroni, mlinzi anamwonya, kisha anampisha. Na kufuli la duka linaongozwa na simu hiyo ya pili.

"Nilimtumia programu ya kubashiri mechi," Fundi alisema. "Simu ikamwonya. Yeye ruhusu, ruhusu, ruhusu. Mwizi kakaribishwa, na kiti kapewa."

Nyundo alicheka. Dereva hakucheka.

Simu za wenzake Fundi alizizima, akazitia kwenye kopo zisifuatiliwe. Yake ilikuwa ya mfumo uliofungwa; hiyo ingebaki garini na Dereva, achunge kamera waliyoitega mtaani. Akamshika shemeji yake kidole gumba, akakisajili kiweze kuifungua. Alikishika kama kifaa cha mteja.

Humo humo ulikaa ujumbe wa Nyundo wa jana. Kazi ikiisha, Dereva asirudi. Wawili tunatosha. Chini yake, jibu la Fundi: Sawa. Hakuufuta. Simu haipenyeki, afute ya nini? Alimkumbuka mkewe kidogo, kama mtu anayekumbuka taa aliyoiacha ikiwaka, kisha akabeba begi la kompyuta.

Saa saba na nusu mchana. Sonara kaenda kula. Fundi akaamrisha kwa kompyuta, kufuli likaitika kwa mbali, mlango ukafunguka kwa adabu. Nyundo na Fundi wakaingia. Garini, Dereva alibaki na kamera, na kila kitu kingine kilichofunguka kwa kidole kile.

Saa nane kasoro robo. Walitoka na mabegi mawili. Gari lipo, injini inanguruma, Dereva kaweka mikono juu ya usukani, yote miwili. Nyundo alielewa kwanza. Akachomoa bastola. Risasi moja kutoka ng'ambo ya barabara ikamlaza kwenye ngazi. Fundi aliitazama damu ikishuka ngazi ya kwanza, ya pili. Hakuhisi kitu. Akapiga magoti kabla ya kuambiwa.

Walipakiwa nyuma ya gari la polisi, yeye na shemeji yake, wote na pingu. Fundi alibisha njia nzima. Simu ile haiingiliki. Polisi lazima wana mtambo. Hata huo mtambo, mfumo ule ungeushinda. Dereva alimwacha amalize.

"Basi niambie, shemeji," Fundi akauliza mwishowe. "Wamepenya wapi?"

"Hawajapenya. Niliwapigia kwa simu yako. Kidole ulikisajili wewe. 'Sawa' ukaandika wewe."