Usizime, Fundi

"Baada ya muda mrefu sana," Kasuku alisema kwenye maikrofoni, "Jua letu litaanza kuvimba. Litakuwa jekundu, litasogea hadi..."

Taa zikawaka ghafla. Kuba lililokuwa limejaa nyota likageuka dari ya kawaida, na wanafunzi waliokuwa wamejilaza vitini wakaguna.

"Samahanini," sauti ya Fundi ilitoka nyuma. "Mtambo umegoma."

Umegoma wapi! Kila onyesho uligoma palepale. Kasuku, jina alilopewa kazini kwa kuwa ndiye msimulizi wa jumba la nyota na mdomo wake haupumziki, alisubiri watu watoke, kisha akamfuata Fundi, mchumba wake, kwenye kibanda cha mitambo.

"Umeuzima mwenyewe."

"Watoto wataogopa."

"Watoto, au wewe?"

Fundi akamsogezea hotipoti.

"Kula. Harusi ni Jumamosi, na kwa ulivyokonda gauni litakupwaya. Nimepika mwenyewe asubuhi."

"Ahsante, mpenzi."

Akatabasamu, akaenda nayo hadi nyuma ya jengo, akamwaga wali na mboga vyote kwenye pipa la taka. Simu ikaita. Ni Shangazi, aliyemlea tangu akiwa mdogo.

"Umekula chakula chake?"

"Nimemwaga, Shangazi."

"Hapo sawa. Mwanamume kazika wake wawili, wote wasichana wabichi, na wewe unakimbilia kuwa wa tatu? Wa kwanza alikuwa na afya tele. Wa pili hata mwaka haukuisha. Sijui ana nyota kali, sijui kuna anachowalisha. Lisemwalo lipo, mwanangu, na kama halipo laja."

"Lakini nampenda."

"Na wenzako walimpenda hivyohivyo. Wako wapi?"

Hapo ndipo hofu ilipomkaba. Kumwacha Fundi hakuweza, kukiamini chakula chake hakuweza. Hata cha nyumbani kilikuwa hakimpiti kooni. Akifumba macho anaona makaburi mawili na la tatu linachimbwa, akifumbua anavaa na kwenda kumchekea mtu anayemwogopa. Mapenzi gani hayo, jamani?

Siku iliyofuata alisimama tena gizani na maikrofoni yake.

"Mwanzo palikuwa na wingu tu, la gesi na vumbi. Likajikunja kwa mvuto wake wenyewe, katikati pakapata joto, nyota ikawaka. Vumbi lililobaki likawa linaizunguka, limetandaa kama sahani. Punje ikanasa kwenye punje, zikawa mawe, mawe yakagongana yakawa..."

Sayari hakuzifikia. Maikrofoni ilianguka kwa kishindo, naye akaifuata.

"Tena? Mungu wangu, tena?"

Fundi aliruka viti gizani, akaumia goti, wala hakuhisi. Alimbeba hadi zahanati ya jirani huku akilia hadharani kama mtoto.

Daktari alimpima Kasuku, akamtundikia maji, akamgeukia Fundi.

"Huyu haumwi. Ana njaa."

"Njaa? Haiwezekani, daktari. Kila siku nampikia."

"Basi anayekula ni mwingine."

Kasuku akageukia ukutani. Mabega yakaanza kutikisika. Fundi akamtazama, akaitazama dripu, akaelewa.

"Ulikuwa unamwaga."

"Shangazi alisema..."

"Alisema nawaua."

Daktari akajifanya ana mgonjwa chumba cha pili.

"Wa kwanza alivuja damu akijifungua, akaondoka na mtoto," Fundi alisema taratibu. "Wa pili ni homa, nikachelewa kumfikisha hospitali. Sikuwalisha kitu. Ila unajua kwa nini nazima mtambo? Lile Jua likianza kuvimba, likizimeza zile sayari zilizo karibu nalo, najiona mimi. Nawaogopea wote wanaonisogelea. Nilidhani wewe huogopi, ndiyo maana nikapata ujasiri."

"Naogopa sana," Kasuku alinong'ona.

"Basi tuko wawili."

Akatoka akichechemea. Jioni ujumbe wake ukaingia kwenye simu ya Kasuku:

"Mwambie Shangazi Jumamosi haipo. Nimekuacha huru. Ila kula, tafadhali. Hata kwa jirani, kula."

Kasuku alimsomea Shangazi. Mama wa watu akapumua kwa nguvu.

"Alhamdulillahi. Umepona."

"Shangazi, wewe umezika waume wangapi?"

Shangazi alikuwa anakunja nguo. Mikono ikasimama.

"Swali gani hilo?"

"Wangapi?"

"Wawili."

"Uliwala?"

Ungesema atamchapa kofi! Lakini Shangazi aliketi kitandani polepole, shuka mapajani, machozi yakamtoka bila sauti.

"Waliniita hivyohivyo, mwanangu. Mla waume. Walilisema hadi nikaliamini, nikakataa kila aliyekuja. Miaka yote nimelala peke yangu nikiogopa nisije nikaua mtu."

Kasuku akamkumbatia. Wakalia pamoja mpaka basi.

Siku ya pili yake, onyesho la mchana lilikuwa na watu wachache. Fundi alimwona Kasuku akiingia, akainamisha uso kwenye mitambo. Hadithi ikaenda, wingu, nyota, sayari, hadi palepale. Jua likaanza kuvimba. Mkono wa Fundi ukaenda kwenye swichi.

"Usizime, Fundi," Kasuku alisema kwenye maikrofoni, watu wote wakisikia.

"Kasuku, siwezi."

"Na mimi naogopa. Iache tu."

Mkono ukabaki hewani. Kuba likawa jekundu lote. Zebaki ikamezwa. Zuhura ikamezwa. Mwanamke mmoja kwenye viti alishika mkono wa mumewe. Kasuku akaendelea.

"Jua halimezi kwa ubaya. Limezeeka, basi. Halikumchagua yeyote. Na angalieni, halikumeza zote. Linapopungua uzito, mvuto wake unalegea, na zile za mbali zinasogea nje kidogo, zinaendelea kuzunguka."

Wekundu ukapasuka taratibu, gesi ikatawanyika kubani, katikati kikabaki kinyota cheupe.

"Na hiyo gesi haipotei. Inakwenda kuingia kwenye mawingu mengine, na humo nyota mpya zinawaka, na sayari zake."

Tangu azike mke wa pili, Fundi hakuwahi kuliacha onyesho lifike hapo. Taa zilipowaka alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili. Kasuku akaingia kibandani.

"Hotipoti iko wapi?"

"Sikukupikia wewe."

"Ulimpikia nani?"

Hotipoti ilikuwa pale pembeni ya mtambo, imejaa, ya moto. Kasuku akakaa sakafuni, akafunua, akala tonge la kwanza. Fundi alimwangalia anavyotafuna, ameacha kupumua.

"Chumvi imezidi," Kasuku alisema, akachota jingine.

Fundi akacheka, akalia, akakaa chini pembeni yake.

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi ipo. Uliyeifuta ni wewe, mimi sikuambiwa nisaini."

Simu ikaita.

"Umekula chakula chake?" Shangazi aliuliza.

"Nimekula, Shangazi."

"Nibakizie," akasema. "Nakuja."