Cherotich na Vidonge vya Mama

Kila jioni Cherotich alitoka shuleni Kimulot, akamfunga ndama, akabandika chai jikoni. Mama yake alikuwa amekaa tu, mikono ikimtetemeka. Akiulizwa neno, jibu lake ni "mm". Baba alifanya kazi Nakuru. Jamani, kukaa na mtu asiyezungumza kunauma kuliko kukaa peke yako.

Cherotich alivichukia vidonge vya mama. Mama alivimeza miaka mingi, tangu apatwe na ugonjwa wa akili, ule wa kumjaza furaha iliyopita kiasi, kisha kumwangusha akalia bila sababu. Sasa majirani walisema amepona. Basi Cherotich akamsihi.

"Mama, umepona. Hizi dawa zinakulaza tu. Ziache."

Mama akaziacha. Wacha basi! Alicheka, akaimba akichuma majani chai, akamsimulia bintiye mambo ya utoto wake. Cherotich alikuwa na mama tena. Hata mama alipoacha kulala, akawa anasema mfululizo bila kupumua, mtoto hakumwambia mtu. Aliogopa kumpoteza.

Siku moja alirudi akakuta shamba lao la chai limebaki vijiti. Mama alikuwa ameikata michai yote kwa panga, na huo ulikuwa msimu wa kuchuma. Viganja vilimtoka damu, naye bado alikuwa akikata, akicheka. Hakumtambua bintiye. Cherotich alitimua mbio hadi kwa Johana, baba yake mdogo, akamweleza yote huku akilia.

Mama alilazwa hospitalini. Alipotulia, daktari alimwuliza kwa nini hakuwahi kusema kwamba dawa inamlaza na kumtetemesha. Mama akasema aliona aibu. Daktari akampunguzia kipimo, akamwagiza ameze anapokwenda kulala na arudi kila mwezi.

"Ugonjwa huu unatulizwa, lakini dawa ikiachwa unarudi," akasema. "Dawa ikikusumbua, njoo useme, tuibadilishe. Usiiache kimyakimya. Nawe Cherotich, ukiona mama amebadilika, mwambie mtu mzima mapema. Mzigo huu si wako peke yako."

Nyumbani, michai ingechukua miezi kuchipua. Mikono ya mama ilitulia kidogo, ila maneno yake yalikuwa bado machache. Jioni moja alimwita Cherotich.

"Nikinyamaza, usidhani nimekusahau," akamwambia. "Njoo tu ukae karibu nami."

Cherotich akasogea. Walikaa bega kwa bega wakilitazama shamba lililokatwa, wala hakuna aliyesema neno.