Safari Tupu za Malolo

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, vitelezi mia tatu na arobaini viliinuka kwa pamoja, upana wa kidole juu ya reli za sumaku, vikaanza kuuzunguka mji wa Tabora bila dereva wala kelele. Viliongozwa na Mpangasafari, akili ya mashine iliyohesabu kila anayepanda na kila anayeshuka. Ajali ya mwisho ilitokea miaka kumi na tisa nyuma, na aliyeumia alikuwa mbuzi.

Alhamisi hiyo Mpangasafari alipendekeza mstari wa Malolo ufungwe. Theluthi moja ya safari zake zilikuwa tupu: abiria alipanda Isevya, akafika Malolo, akasimama jukwaani kidogo, akarudi Isevya bila kutoka kituoni. Wengine walirudia mara tatu. Vitelezi hivyo vingehamishiwa mstari wa viwandani, ambako watu elfu kumi na moja wangengoja dakika nne badala ya sita.

Mhandisi Nyamizi Kasanda, mkuu wa mistari, alipewa siku moja kukubali au kukataa. Alidhani vihisio vya kuhesabia abiria vimeharibika. Akaenda kuvipima mwenyewe; vilikuwa vizima. Basi akapanda kitelezi cha Malolo.

Mbele yake walikaa bibi wawili, wanacheka.

"Shuka, Mzaramo, tumefika kwenu."

"Nishuke nikuache? Mnyamwezi akibaki peke yake humu, atakibeba hiki kitelezi kichwani mpaka pwani!"

Wakashuka wote, wakasimama jukwaani wakizungumza, kisha wakapanda tena wote wawili. Nyamizi akawafuata.

"Shikamooni, mama zangu. Mnakwenda wapi?"

"Marahaba. Nilikuwa namsindikiza huyu Tausi kwake," alisema yule Mnyamwezi, Bi Kalunde.

"Si mmeshafika Malolo?"

"Tumefika. Sasa na mimi namsindikiza yeye," alijibu Bi Tausi.

"Halafu?"

"Halafu atanitoa tena kidogo. Kwani kwenu wageni wanajiondokea tu kama paka?"

Nyamizi akacheka bila kutaka.

"Tulichangia ukuta mmoja miaka thelathini," Bi Kalunde akaendelea. "Nikikohoa, huyu anauliza, umekunywa dawa? Wakatuhamisha, huyu Malolo, mimi Isevya, eti watoto wetu wawe karibu na kazi."

Nyamizi aliufahamu mpango huo. Ulipunguza safari ya kila mfanyakazi kwa dakika ishirini na sita kwa siku, na saini ya mwisho ilikuwa yake. Tarakimu ilikuwa sahihi, na bado ni sahihi. Lakini Mpangasafari aliulizwa nani anafanya kazi wapi. Hakuna aliyemuuliza nani anaishi ukuta kwa ukuta na nani.

Ofisini akaiambia mashine kwamba abiria wale wanasindikizana.

"Lengo hilo halina kituo cha mwisho," Mpangasafari alijibu. "Niliwekee thamani gani?"

Nyamizi hakutaka kubuni tarakimu.

"Sina," alisema. "Mstari unabaki."

Kisha akaagiza mbao za vituo vya viwandani ziandikwe: *Mtangoja dakika sita. Uamuzi wa Nyamizi Kasanda.* Aliona ni haki wanaongojeshwa wajue ni nani wa kumlaumu.

Kesho yake akaenda kungoja nao. Mwanamke mmoja aliyevaa ovaroli alisoma ubao, akasonya.

"Huyu Nyamizi ndiye nani, anatuchelewesha?"

"Ni mimi, dada."

Watu wakageuka. Nyamizi akaeleza kama anavyoeleza kila jambo, kwa mpangilio: mstari, theluthi, ukuta, bibi wawili. Hakuomba radhi. Alipomaliza, kitelezi kilikuwa kimefika na watu wanapanda.

Yule mwanamke hakupanda.

"Mimi jirani yangu Sada mlimpeleka hukohuko Malolo," alisema. "Ndiye aliyenizalisha mwanangu wa kwanza, mvua inanyesha, gari hakuna. Mwaka wa pili huu sijamwona. Nilidhani ndiyo basi."

Kitelezi kikafunga milango, kikaondoka.

"Cha Malolo cha mwisho kinatoka saa ngapi?"

"Saa nne usiku."

"Na cha kurudi?"

"Saa nne na nusu."

Mwanamke akapiga hesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Haitoshi," alisema. "Hicho cha kurudi kisogeze mbele."

Nyamizi akatoa kalamu.

"Mpaka saa ngapi?"