Jiko Alilopimiwa Mwingine

Haya yalimkuta shangazi yangu Ebba, pale mjini Birkerød, mwaka 1957, na mimi nilikuwepo. Mumewe Thorkild, msanifu majengo, alimjengea nyumba ya kisasa: paa bapa, sebule na jiko bila ukuta kati. Majirani waliiita boksi la viatu. Shangazi alicheka tu, maana ilikuwa zawadi yake ya harusi.

Kasoro ilikuwa moja. Kaunta ya jikoni ilimfika kifuani. Thorkild, mtu wa kupima kila kitu mara tatu, alimlaumu seremala. Shangazi akawa anapanda kibao kukata mkate, na akamwamini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kisha vikombe vikaanza kuhama. Kila tukirudi dukani tulivikuta rafu ya juu kabisa, asikofika. Kibao tulikikuta nje mlangoni.

Jumamosi moja mchana, jua likiwaka, tulikuta unga umetandazwa kauntani. Juu yake palikuwa na alama za viwiko viwili. Mtu alikuwa ameegemea pale kwa raha zake.

Shangazi akaenda kwenye meza ya kazi ya mumewe, akafunua ramani. Kando ya jiko paliandikwa kwa penseli: V., sentimita 181.

Akamwita Thorkild.

“Ulimpima nani?”

“Vibeke,” alinong'ona. “Alikuwa mchumba wangu. Alikufa kabla hatujachimba msingi.”

“Kwa hiyo umenioa nije nikae nyumba ya mtu.”

Nyuma yetu bomba la sinki likafunguka. Hatukugeuka. Maji yakakoma. Sahani ikawekwa rafu ya juu. Taratibu.

Shangazi akavaa koti, akamwambia achague, sasa hivi. Thorkild alitazama jikoni, hakumtazama yeye.

“Siwezi kumwacha peke yake, Ebba.”

Mke wa ndoa akatoka na mkoba mmoja. Sijamsamehe mtu yule hadi leo.

Thorkild alikufa miaka kumi baadaye, nikaenda kuchukua vitu vya shangazi. Dirisha la chumba cha kulala lilikuwa la vioo viwili vilivyozibwa pamoja kiwandani. Kati ya vioo hivyo palikuwa na ukungu, kama mtu ametoka kupumua. Nikafuta ndani. Nikafuta nje. Haukutoka.

Zilikuwa pumzi mbili, zimekaribiana.

Shangazi alikataa kuingia, alinisubiri garini. Akaniuliza kama nyumba ilikuwa tupu.

Nikamwambia ni tupu.