Namba Aliyoiimba Phoebe

Jedida aliuza sukuma wiki, mchicha na nyanya katika soko la Malindi. Alikuja pwani kutoka Vihiga pamoja na mumewe Joram, bawabu wa hoteli moja ya ufukweni. Watu wa soko walimpenda kwa mambo mawili. Mboga zake zilikuwa mbichi kila siku, na kicheko chake kilisikika hadi kwa wauza samaki. Jambo la tatu halikumsaidia: hakuweza kukipita kitu cha bure.

Na siku hizo vitu vya bure vilijaa tele. Zamani pale sokoni ulikuwepo mwavuli mmoja tu wa kampuni ya simu. Sasa kampuni zilikuwa zimeongezeka, na kila moja ilimtaka mteja wa mwenzake. Kulia kulisimama mwavuli wa zambarau. Kushoto kulisimama mwavuli wa manjano. Spika zilishindana kwa kelele mpaka wauza kuku walilalamika.

"Laini bure, mama! Dakika za kuongea bure! Fulana bure!"

Jedida alichukua laini, akachukua dakika, akachukua na fulana.

Simu yake ilikuwa na nafasi ya kadi moja tu. Alipoitia laini ya zambarau, aliitoa ile ya zamani. Aliifunga kwa kipande cha nailoni, akaiweka ndani ya kibeti chake. Jioni alimweleza Joram kwa furaha.

"Na shule je?" Joram aliuliza. "Shule ina namba yako ya zamani. Phoebe naye anajua hiyo hiyo."

"Si bado ninayo? Jumapili nitakuwa naitia nione kama kuna ujumbe."

"Usipoitia?"

"Joram, laini hiyo imeandikwa kwa kitambulisho changu. Ni kama kiwanja. Nisipokilima mwaka mzima, kitaacha kuwa changu?"

"Haya, mwenye kiwanja," Joram alisema, akacheka.

Phoebe alikuwa binti yao wa pekee. Alisoma gredi ya sita katika shule moja ya bweni huko Kaloleni. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Ukimshika, mifupa yote humuuma, na lazima apelekwe hospitali upesi. Tena kulikuwa na hatari nyingine. Alipokuwa mdogo alidungwa sindano ya penisilini. Uso wake ulivimba, koo likafunga, nusura afe. Tangu siku ile Jedida alikuwa akimwambia kila daktari: mtoto huyu asipewe penisilini.

Kwa hofu hiyo alimfundisha mtoto namba yake ya simu. Aliitia katika sauti ya wimbo wa kanisani, na Phoebe aliiimba akifua, akioga, akichezea vumbi. Alipokwenda shule ya bweni, mama yake alimwambia, "Ukizidiwa, mwimbie mwalimu wimbo wako."

Hata baada ya kupata laini mpya, Jedida hakuubadilisha wimbo ule. "Namba yangu iliyoko shuleni ni ileile," alimwambia Phoebe wakati wa likizo. "Usimchanganye mwalimu."

Mwanzoni aliitia kadi ya zamani kila Jumapili, kama alivyosema. Kisha Jumapili moja alichoka. Nyingine kulikuwa na harusi. Mwishowe aliisahau kabisa, na kadi ikalala ndani ya kibeti mwezi baada ya mwezi.

Asubuhi moja soko lilikuwa limechangamka. Jedida alikuwa akimfungia mteja mchicha alipomwona Fazal akija mbio. Fazal alikuwa na duka la simu mkabala na soko. Aliuza simu na chaja, akatengeneza zilizoharibika. Alikuwa mtu wa kukaa dukani mwake tangu asubuhi hadi jioni, na alikuwa haachi mlango wazi hata akienda kusali. Sasa alikuwa ameuacha wazi, na kiatu kimoja kilikuwa kimemvuka njiani.

"Mama Phoebe! Mama Phoebe, namba yako ya zamani umempa nani?"

"Sijampa mtu, Bwana Fazal. Iko hapa." Jedida alikipiga kibeti chake kwa kiganja.

"Haiko hapo. Iko Mambrui, kwa fundi cherehani mmoja aitwaye Mzee Kiponda. Amenipigia sasa hivi. Mtoto wako yu hospitalini."

Mchicha ulimponyoka Jedida mkononi.

"Phoebe?"

"Mwalimu wake, Mwalimu Easter, amepiga ile namba, akapokea Mzee Kiponda. Daktari anataka kujua kama kuna dawa inayomdhuru mtoto. Mtoto mwenyewe maumivu yamemshika, hawezi kusema. Anaimba namba tu."

"Penisilini," Jedida alisema kwa sauti ndogo. Kisha alipiga kelele. "Penisilini! Shule haijui! Nilimwambia mwalimu wa zamani kwa mdomo, naye alihamishwa!"

Aliifungua nailoni na kutoa kadi yake ya zamani. Alitaka kuitia kwenye simu. Hakutaka kuamini. Namba ilikuwa yake, alikuwa ameishika, itakuwaje iko Mambrui?

"Usipoteze wakati," Fazal alisema. "Hiyo imekufa. Mpigie mwalimu, namba yake hii hapa."

Jedida aliiandika namba kwenye simu yake akapiga. Alikuwa na mamia ya dakika za bure. Sauti ya mwanamke asiye na haraka ilimwambia kwamba salio lake halitoshi.

"Haitoshi vipi? Nina dakika!"

"Dakika hizo ni za kupigia watu wa mtandao wako tu," Fazal alisema. "Mwalimu yuko kwenye mtandao mwingine. Lete, tutumie yangu."

Fazal alipiga. Simu ya mwalimu ilikuwa inatumika. Alimpigia Mzee Kiponda. Nayo ilikuwa inatumika.

"Wanaongea wao kwa wao," alisema, na jasho lilikuwa likimtoka usoni. "Mwalimu anamuuliza mzee kama amekupata, na mzee anamwambia asubiri."

Hakuna kitu kibaya kama kusubiri simu ya mtu mwingine iishe. Wauza nyanya wa jirani walikuwa wamemzunguka. Spika za mwavuli wa zambarau ziliendelea kupiga kelele za dakika za bure. Jedida aliyaziba masikio yake, akasema, "Mungu wangu, mtoto wangu, mtoto wangu."

Fazal alipiga tena. Safari hii simu iliita.

"Halo? Mwalimu? Mama yake huyu hapa!"

Jedida aliinyakua simu. "Mwalimu, asipewe penisilini! Mwambie daktari! Itamuua!"

Jedida alisikia viatu vikikimbia kwenye sakafu. Akasikia mlango, na sauti ya mwalimu ikiita, "Sista! Sista, ngojeni!" Halafu akawa hasikii kitu. Aliibana simu sikioni mpaka ikamuumiza.

Sauti ya mwanamke mwingine ikaja, tulivu.

"Wewe ndiye mama yake Phoebe? Mimi ni muuguzi. Dawa hiyo ilikuwa imeandikwa na nilikuwa naitayarisha. Hajapewa. Daktari anabadilisha. Njoo, mama, lakini usiogope."

Jedida aliketi palepale alipokuwa amesimama. Alikalia kreti ya nyanya, nyanya zikapondeka, wala hakujali. Alilia kwa sauti mbele ya soko zima.

Phoebe alikaa hospitali siku chache, akapata nafuu. Jedida na Joram waliporudi kutoka Kaloleni walikwenda moja kwa moja dukani kwa Fazal. Jedida aliiweka kadi ya zamani juu ya meza ya kioo.

"Nieleze kama mtoto," alisema. "Kitambulisho ni changu. Kadi ni yangu. Namba yangu imekwendaje kwa mtu mwingine?"

Fazal aliwavutia viti.

"Wewe ulidhani laini ni kiwanja. Laini si kiwanja, mama Phoebe. Ni kama kibanda cha soko. Unaandikishwa, unakaa, unauza. Ukikifunga miezi mingi bila kuonekana, soko hufanya nini?"

"Humpa mwingine."

"Basi hivyo hivyo. Namba haziko nyingi bila mwisho. Watu wenye simu wanaongezeka kila siku, na kampuni zinagombania wateja. Laini ikikaa miezi kadhaa bila kupiga, bila kutuma ujumbe, bila kuongezwa salio, kampuni huifunga. Baadaye namba ile hupewa mteja mpya. Mzee Kiponda hakukuibia. Aliinunua kihalali kwa vijana wa mwavuli."

"Kwa hiyo mtu asibadilishe kampuni?" Joram aliuliza. "Akae na moja hata ikiwa ghali?"

"La! Ushindani una faida, ndugu yangu. Mimi nakumbuka tulipokuwa tunapiga simu ya dakika moja kisha tunakata, kwa ughali. Kampuni zikishindana, bei inashuka na wewe unapona. Hama ukitaka. Lakini hama na namba yako."

"Inawezekana?"

"Inawezekana, na ni haki yako. Nenda kwa wakala wa kampuni unayoitaka, uwe na kitambulisho. Mwambie, nataka kuhamia kwenu na namba yangu. Namba itabaki ileile, ila kampuni itakuwa nyingine. Kabla ya kuhama toa pesa zako zote za simu, kwani hizo hazihami nawe. Na kabla hujapokea cha bure, uliza: dakika hizi nampigia nani? Zinaisha lini?"

Jedida aliinama. Hakucheka siku hiyo.

"Na kama mtu lazima aiache namba yake?"

"Basi aiage kwanza. Aitoe benki, hospitali, shule, kila mahali ilipoandikwa. Aandikishe mpya kabla hajaitoa ile ya zamani. Fikiria ujumbe wa siri wa benki unamfikia mtu usiyemjua, tena asiye mwema kama mzee wa Mambrui. Na shule, mama Phoebe, isiwe na namba moja. Iwe na yako, ya baba, na ya jirani mmoja. Niandikeni mimi."

Juma lile Joram aliomba ruhusa kazini akarudi Kaloleni. Aliacha namba tatu shuleni. Alimwomba Mwalimu Easter aandike kwa wino mwekundu kwenye faili ya Phoebe, na kwenye kadi ya kliniki: asipewe penisilini. Phoebe alipewa wimbo mpya wenye namba mpya. Alisema sauti yake si tamu kama ya zamani, lakini aliujua kabla baba yake hajaondoka.

Likizo ilipofika, Jedida alimpeleka Phoebe Mambrui, na kapu la mboga kichwani. Walimkuta Mzee Kiponda barazani, anashona kanzu.

"Shikamoo, babu," Phoebe alisema.

Mzee aliuondoa mguu kwenye cherehani. Aliitambua sauti.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni sana. Ndiwe uliyeniita mama."

Walicheka, na Jedida akafuta machozi. Mzee aliwapa kahawa na kaimati, akawahadithia. Tangu alipoinunua laini ile watu walikuwa wakimsumbua kutwa. Jedida, niwekee sukuma. Jedida, nyanya bei gani? Alikuwa amechoka kuwaambia wamekosea namba. Mwalimu alipopiga mara ya kwanza, alimkatia.

"Akapiga tena. Nikamwambia, bibi, mimi ni Kiponda, sina mtoto Kaloleni. Akasema, basi msikilize mwenyewe. Nikamsikia mtoto anaimba namba yangu huku analia. Nikasema, hii si simu ya kukata. Ndipo nikakumbuka kuna mtu hunipigia kila Ijumaa akitaka mchicha kwa Jedida."

"Ni Bwana Fazal," Jedida alisema. "Kila mara alidhani amekosea namba, na kila mara akasahau kuniuliza."

"Basi kusahau kwake kumetufaa. Nilimrudishia simu, nikamwambia, huyo Jedida wako mtafute sasa hivi."

Walikuwa bado wanaongea pale kijana alipopita na fulana ya manjano, amebeba mkoba wa laini. Kampuni zilikuwa zimefika hata Mambrui. Alimwamkia mzee kwa adabu, akamwonyesha kadi mpya.

"Mzee wangu, itupe hiyo ya zamani. Hii ni bure, na dakika zake ni maradufu."

Jedida alimtazama kijana. Mkono wake ulitaka kunyooka, kwa mazoea. Aliurudisha kapuni.

"Dakika hizo anampigia nani?" aliuliza. "Zinaisha lini? Na akitaka kuja kwenu na namba yake?"

Kijana alijikuna kichwa, kisha akakubali kwamba namba inaweza kuhamishwa. Alieleza vizuri, na Jedida alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umesikia, mzee?" Jedida alisema. "Ukiona kwao ni nafuu, unaweza kuhama. Ila namba usiitupe."

"Hiyo sitaitupa hata nikipewa kampuni nzima," Mzee Kiponda alisema. Alimtazama Phoebe, aliyekuwa akila kaimati huku miguu ikining'inia barazani. "Mtoto huyu amefundishwa wimbo mpya, lakini wa kwanza hautoki kichwani. Siku akizidiwa akaimba ule, nani atamwitikia?"